Shemeji Yangu Mkubwa na Mlango wa Nyuma

Shemeji yangu Mkubwa huwapeleka watu kutazama vyumba vya kulala vya watu wengine, na watu hao hukata tiketi kwa ajili hiyo. Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza, miaka saba iliyopita, niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyekamatwa nikichungulia dirishani. Mimi ni mwalimu, nimelelewa Unguja, katika nyumba ambayo mgeni huishia barazani, na akiwa wa karibu sana, ukumbini. Chumba ni sitara. Jirani tuliyekaa naye miaka ishirini hakupata kujua kitanda cha mama yangu kilikuwa kimewekwa upande gani.

"Kaka yako amestaafu, si apumzike?" nilimwambia marehemu mume wangu, Haroun. "Ndiyo kazi gani hiyo ya kuhesabu mito ya Wazungu?"

Haroun alicheka tu, akaendelea kumenya chungwa lake.

Mkubwa ana miaka sabini na mbili. Ni mrefu, mkavu, na hutembea mikono ikiwa nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Kwa miaka ishirini na sita alisafisha mabehewa katika depo ya treni ya Tyseley, hapa Uingereza, akiingia kazini kabla ya alfajiri ili treni zitoke safi. Mkewe alifariki mapema, na hawakujaliwa mtoto. Mpaka leo anaishi katika nyumba ile ile ya Lozells, iliyobanana na wenzake mtaa mzima, na hakuna siku nimemkuta na kanzu isiyopigwa pasi.

Alipostaafu akaanza kupanda mabasi kwenda kutazama nyumba za kale, zile za watu binafsi ambazo wenyewe bado wanakaa ndani na hufungua milango siku chache za wiki. Katika nyumba moja, upande wa Worcester, kiongozi aliwaonyesha wageni safu ya kengele zilizotundikwa karibu na jiko, akasema watumishi walikuwa wakisoma jina la chumba chini ya kila kengele. Mkubwa akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mtumishi aliyeinama kwenye sufuria hana nafasi ya kusoma," alisema. "Hizi kila moja ina mlio wake. Walizijua kwa masikio. Zigonge, utasikia."

Zikagongwa. Kweli, hazikufanana hata mbili. Bibi mwenye nyumba, mzee wa miaka themanini na zaidi, alikuwa amesimama nyuma akisikiliza, na siku hiyo hiyo akamwomba awe anakuja kila Jumamosi. Baadaye kampuni ndogo inayozungusha watalii katika nyumba na bustani za namna hiyo ikamwajiri. Kiangazi yuko hapa Uingereza, na kila Mei huongoza kundi moja Ubelgiji na jingine Ureno. Sifa yake ni moja, na hakuna kiongozi mwingine mwenye nayo: hawaingizi wageni kwa mlango wa mbele. Anawazungusha mpaka nyuma, kwenye mlango wa watumishi, na ziara inaanzia hapo.

Hayo yote niliyajua kwa kusikia. Sikupata kwenda hata mara moja, mpaka Juni ya mwaka huu.

Mumbua, mwenyekiti wa umoja wetu wa kina mama, Mkenya asiyejua kukaa chini, ndiye aliyekodi basi la kwenda ziara ya Mkubwa. Tulikuwa thelathini na mmoja, Wazanzibari, Wakenya na Wakongomani. Mimi nisingekwenda, ila niliona jina la Bi Nunu kwenye orodha.

Bi Nunu ni mama yake Suhail, na Suhail alikuwa amekwisha kutamka kwamba anamtaka binti yangu Asmahan. Asmahan ni mtoto wangu wa pekee, mfamasia, ana miaka ishirini na tisa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemwona akiweka simu karibu na sahani ya chakula. Posa ilikuwa iletwe Jumapili ya wiki iliyofuata. Bi Nunu ni mtu wa kuulizia, nami simlaumu, hata mimi ningeulizia. Alikuwa amenitembelea nyumbani kwangu Erdington mara mbili. Ile mara ya pili, kikombe kikiwa mkononi, aliniuliza waziwazi: "Bi Thuwaiba, marehemu mzee Haroun alikuwa wa watu gani hasa?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi mwaka nilioolewa. Kwamba babu yake Haroun, Mzee Masoud bin Khatibu, alikuwa na ile nyumba kubwa ya Shangani yenye nyua mbili na ngazi ya mawe. Kwamba Haroun alilala katika nyumba hiyo utotoni, akiamka anaona bahari kutoka roshani ya juu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amekwisha kuwakataa wachumba wawili. Alikubali wa tatu kwa sababu ya nyumba hiyo. "Mtoto aliyelelewa mle ana adabu," alisema. Nami nikaolewa, na kwa miaka thelathini na moja nimeibeba nyumba ile kichwani mwangu kama mtu abebavyo mtungi, sikukubali imwagike hata tone.

Ndani ya basi Mumbua aligawa vijitabu vya ziara. Mimi cha kwangu nilikitia mkobani bila kukifungua. Mama Annonciata, jirani yangu kutoka Bukavu, alikaa mbele yangu akila karanga.

"Mama Thuwaiba," akageuka, "ii nyumba tunaenda, benyewe biko ndani? Vraiment, kweli kabisa, tutaingia mu chumba ya mutu na yeye anatuangalia?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Yesu! Mie ningefunga mulango na kufuli tatu."

Basi zima likacheka, na Bi Nunu pia akacheka. Nilifurahi kumwona katika hali ile.

Mkubwa alitungoja kwenye uwanja wa kokoto, amevaa koti la kijivu na kofia ya kwetu ya vito, ya kudariziwa kwa mkono. Nyumba ilikuwa nyuma yake, ya matofali mekundu, madirisha yake sikuweza kumaliza kuyahesabu. Wanawake kadhaa wakaanza kuelekea ngazi za mbele zenye nguzo.

"Huko hapana, mama zangu," alisema. "Mlango ule utawaonyesha wenyewe walivyotaka waonekane. Nifuateni huku."

Akatupitisha kando ya ukuta, tukapita mapipa ya taka, mpaka mlango mfupi uliopakwa rangi nyeusi. Aliongea Kiswahili siku hiyo, kwa ajili yetu, na nitasema kweli, sikujua kwamba shemeji yangu ana ufasaha kiasi kile. Alituonyesha ngazi za watumishi, jinsi mawe yalivyoliwa upande mmoja tu, kwa sababu mkono mmoja ulishika sinia na bega likaegemea ukuta. Alituonyesha mlango uliopigiliwa kitambaa kizito cha kijani ili kelele za sufuria zisifike kwa wakubwa. Alifungua, akafunga. Sauti za jikoni zikakatika mara moja. "Upande huu unapumua," alisema, "upande ule unatembea polepole." Dirishani alituonyesha bustani, na ndani ya bustani njia iliyochimbwa chini kama mfereji, ili watunza maua wapite bila mabibi waliokuwa wakinywa chai kuwaona vichwa.

Mama Annonciata alikuwa ameacha karanga zake.

"Papa Mkubwa," akauliza, "sasa weye ulijuaka wapi ii mambo yote? Ni mu vitabu, ao?"

Mkubwa akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeulizwa swali analoulizwa kila Jumamosi, mwenye jibu lililokwisha kulainika mdomoni.

"Vitabu nimesoma baadaye, mama. Babu yangu Masoud alikuwa bawabu. Alikaa mlangoni pa nyumba ya tajiri mmoja wa karafuu, Shangani, miaka arobaini. Bibi yetu alifua nguo za nyumba hiyo. Mimi nimejua sauti za milango kabla sijajua kusoma."

Nilisikia maneno hayo, kisha nikayasikia tena kichwani, na mara ya pili yalikuwa mazito zaidi. Masikio yangu yakaziba kama mtu aliyezamishwa. Niliona midomo ikitembea. Niliona uso wa Bi Nunu ukigeuka polepole kutoka kwa Mkubwa kuja kwangu.

Nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

"Shemeji naye kwa mizaha!" nilisema kwa sauti, wote wasikie. "Msimsikilize huyu, jamani. Akiona watu tu, hutunga."

Mkubwa alinitazama. Haukuwa mtazamo wa hasira, na afadhali ungekuwa wa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua fupi mara mbili. Kisha akainamisha kichwa.

"Bi Thuwaiba ananijua," alisema. "Uzee nao una vituko vyake. Tuendelee, mama zangu."

Tukaendelea, lakini ziara ile ilikuwa imekwisha. Alituonyesha maktaba kwa sentensi tatu. Katika chumba cha kulala alisahau jina la mbao za kitanda, akaomba radhi. Na huko huko chumbani, mahali ambapo sikupenda kuwamo tangu mwanzo, nikamwona Bi Nunu amesimama karibu na dirisha, kijitabu kimefunguka ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na picha ya Mkubwa na mistari michache ya Kiingereza. Bi Nunu alisomea ukunga hapahapa, Kiingereza kwake ni maji.

Akanisomea taratibu, akigeuza kwa Kiswahili, kama anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa: "Kiongozi wenu ni mjukuu wa bawabu wa nyumba moja kuu ya Zanzibar." Akakifunga. Akakitia mkobani mwake, akavuta zipu.

"Kimepigwa chapa hiki," alisema. "Mizaha haipigwi chapa, Bi Thuwaiba." Akatoka.

Wenzetu walipokwenda kunywa chai chini ya hema, mimi nilimfuata Mkubwa kwenye bustani ya mboga, ile iliyozungushiwa ukuta. Alikuwa amesimama mbele ya miti ya pea iliyofungwa ukutani, matawi yamenyooshwa pande zote kama mikono. Nilikuja na maneno makali, na la kwanza likatoka kabla sijafika.

"Umetuvua nguo, shemeji. Mbele ya watu. Mbele ya mkwe."

"Haroun hakukwambia?" aliuliza.

"Aniambie nini?"

Alirudisha ukutani tawi moja la pea lililolegea.

"Wiki ya posa yako alinijia," akasema. "Akanambia, kaka, nimewaambia nyumba ni yetu, na nikisema kweli sasa sitampata. Nikamwambia nitanyamaza, kwa sharti kwamba mkishaoana umwambie mkeo. Kila Idi nilimuuliza, umeshamwambia? Akasema, zamani, kaka, na amecheka sana. Nilipokusikia ukiwasimulia watu habari za Shangani, nilidhani mmekubaliana kusitiriana. Sikuona vibaya. Na leo mdomo umekwenda wenyewe. Nimeyasema haya mara mia mbili kwa wageni."

Niliketi kwenye ukingo wa sanduku la udongo la kupandia mboga. Miaka thelathini na moja. Idi zisizopungua arobaini. Kila Idi mtu huyu niliyemzika kwa mikono ya heshima alimwambia kaka yake kwamba mimi najua, kisha akaja mezani akala biriani yangu.

"Lakini aliniambia alilala mle," nilisema. "Aliniambia bahari, na roshani. Hayo pia alitunga?"

"Hapana, hayo ni kweli. Yalipokuja Mapinduzi tajiri aliondoka na watu wake kwa haraka, akamkabidhi babu nyumba. Akamwambia, nitarudi. Hakurudi. Babu akatuhamishia ndani ili tusiwe mlangoni wakati mbaya. Tulikaa miezi mitatu, mpaka serikali ikaichukua. Haroun alikuwa na miaka sita. Babu hakukubali tulale vitandani, tulilala chini pembeni ya vitanda, juu ya mikeka. Kila asubuhi alipangusa vumbi vyumba vyote, kwa miezi mitatu, wala hakuna aliyemlipa." Akakohoa. "Haroun nadhani alikikumbuka chumba, akausahau mkeka."

Niliondoka bila kumuaga. Ndani ya basi nilikaa peke yangu, na Mama Annonciata, ambaye ana akili kuliko kelele zake, hakunigeukia.

Nyumbani nilimweleza Asmahan kila kitu. Nilitegemea alie. Aliniangalia, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, Ami Mkubwa alifikaje nyumbani, na nani alikuwa naye. Nikamwambia sijui. Akachukua funguo za gari, akaenda Lozells.

Jumanne Bi Nunu akaja. Alikataa chai. Katika watu wetu mgeni akikataa chai yako, funga mkanda.

"Nimekuja tusemezane kama watu wazima," alisema. "Mambo ya bawabu tuyaweke kando. Babu yake Suhail aliuza pweza Darajani, na mkono wake ulinuka pweza mpaka anakufa. Sikukwambia kwa sababu hukuuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa pweza.

"Nina jambo jingine," akaendelea. "Asmahan hana baba, na hana kaka. Wali wake ni nani?"

"Ami yake. Mkubwa."

"Yule uliyetuambia tusimsikilize? Kwamba akiona watu hutunga?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kwa hofu ya jina la nyumba nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto wa chuo cha Kurani anakijua. Mtu pekee mwenye haki ya kumwozesha binti yangu, ambaye neno lake ndilo lingekuwa ndoa yenyewe, nilikuwa nimemfanya mwongo mbele ya wanawake thelathini.

"Kaka yangu ndiye atakayekuja kuomba," alisema Bi Nunu. "Ameniuliza, huyo mzee tutakayepeana naye mkono, neno lake linashika? Nimjibu nini? Nikisema linashika, basi wewe ndiye uliyesema uongo. Nikisema halishiki, hakuna ndoa. Nichagulie."

Alinipa mpaka Jumapili. Alipofika mlangoni alinigusa bega, na mguso ule ulinichoma kuliko maneno.

Siku tano hizo sikulala vizuri. Nilimkasirikia marehemu, kisha nikaogopa kumkasirikia, kisha nikamkasirikia tena. Nilifikiri kumpigia Mkubwa nimwombe akubali kwamba alitania kweli, kijitabu waseme kilikosewa. Wallahi nilishika simu. Nilijua angekubali, angenisitiri mara ya pili kama alivyonisitiri ya kwanza, na kujua hivyo ndiko kulikonifanya niiweke simu chini.

Jumapili walikuja wanaume sita. Kwa desturi yetu wanaume hukaa ukumbini na posa yao, wanawake hukaa chumba cha ndani wakisikiliza kupitia ukuta. Mkubwa alikaa kwenye kiti cha Haroun, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa amekuja kwa sababu Asmahan alimwendea. Mimi na yeye tulikuwa tumesalimiana tu.

Nilimsikia kaka yake Bi Nunu akianza kwa bismillahi. Nikainuka. Bi Nunu hakunizuia. Nikatoka chumbani, nikasimama mlangoni pa wanaume, mtandio umeshikwa chini ya kidevu. Hapana mwanamke wa kwetu aliyewahi kufanya hivyo, na kama angenisimulia mtu mwingine ningemwita mwanamke huyo hana haya.

"Niwieni radhi," nilisema. "Kabla hamjaendelea. Shemeji yangu hakutania siku ile. Mzee Masoud alikuwa bawabu. Mume wangu aliwaambia wazee wangu vingine, nami nikayasema kwa miaka yote kwa kutojua. Siku nilipoambiwa kweli nikaikana kwa makusudi. Mwongo wa siku ile ni mimi. Neno la Mkubwa linashika."

Nilirudi ndani. Mama mmoja akanisogezea maji.

Kupitia ukuta nikamsikia kaka yake Bi Nunu akiuliza polepole, "Ehe, mzee. Na huyo babu yako alikuwa mtu wa namna gani?" Na Mkubwa akaeleza, kwa sauti yake ile ya ziara, habari za miezi mitatu, mikeka pembeni ya vitanda, na vumbi lililopanguswa kila asubuhi kwa ajili ya mtu aliyekwenda zake. Kisha nikasikia viti vikisogezwa, na nikajua wamepeana mikono.

Walipokuwa wakila alinijia jikoni. Sinia lilikuwa mkononi mwangu, akalipokea.

"Nimekuondolea lile jina la mwongo?" nilimuuliza.

"Kwa hawa, ndiyo. Wanaume sita wamesikia." Akaliweka sinia mezani. "Wale kina mama walikuwa wangapi, shemeji?"

"Thelathini na mmoja, nami nikiwamo."

"Basi wamebaki wengi. Kesho kuna watakaoniona sokoni na kusema, yule mzee wa kutunga." Hakutabasamu. Ni mtu mpole, lakini nilikuwa sijajua mpaka siku ile kwamba naye ana jina la kulinda. "Wewe ni mwalimu. Waandikie. Mumbua atawatumia wote."

Nilimuuliza niandike mpaka wapi, na ya Haroun niyafiche au vipi. Alifikiri, akasema niyaandike, Haroun alikuwa mtoto wa miaka sita aliyependa roshani, na watu wazima watafahamu.

Nimeandika, nawatumia kwa mkono wa Mumbua. Kina mama mliokuwa nasi siku ile: Mkubwa aliwaambieni kweli.